Pembe za Seneta Hotchkin

Tangu alipostaafu, Anverali alikuwa akiandika maisha ya Lyman Hotchkin katika chumba cha chini cha nyumba ya binti yake, katika mji wa Thornhill, Kanada. Hotchkin alikuwa Mmarekani wa Connecticut, mwenye kiwanda cha vibao vyeupe vya vinanda na mjumbe wa seneti ya jimbo lake. Barazani alipiga kura dhidi ya utumwa kila ulipojadiliwa. Kiwandani alipasua pembe za ndovu zilizoletwa pwani mabegani mwa watumwa. Yote mawili yana ushahidi, na Anverali, aliyefundisha historia Tanga, hakuona haja ya kuongeza neno.

Babu wa babu yake ndiye aliyekuwa akizinunua pembe hizo Unguja. Kwa Kiingereza Hotchkin alikwisha kuandikwa, na wapagazi hawakutajwa. Kwa hiyo Anverali aliandika kwa Kiswahili.

Theluji ilipoyeyuka, daktari wa macho alimwambia kwamba ataendelea kuona kwa pembeni, lakini hatasoma tena. Mswada ulikuwa haujasahihishwa. Alibaki na Farheen, binti yake, aliyeletwa Kanada akiwa mchanga. Kiswahili alielewa cha jikoni, na mara nyingi alijibu kwa Kiingereza.

Alhamisi moja, waliporudi kutoka msikitini, alimwomba amsomee. Farheen alisoma bila kukwama. Alisoma alivyofundishwa madrasa kuusoma msahafu: kila herufi mahali pake, kila pumzi mahali pake. Anverali aliinamisha kichwa kumsikiliza. Kitabu kilikuwa kimepata msomaji.

Wakafika sura ya njia ya Tabora, pale mpagazi aliyechoka anaposhindwa kubeba pembe na mwanawe pamoja, na msimamizi anaamua kipi kiachwe. Sauti ya Farheen haikubadilika. Ilipanda na kushuka vilevile ilivyofanya kwenye maelezo ya misumeno ya Hotchkin.

"Hebu simama hapo, mama," alisema Anverali. "Yule mtoto amefanywa nini?"

"Mtoto gani, Bapa?"

Farheen alikuwa akitabasamu, hilo lilisikika. Kisha akauliza, kwa Kiingereza, kama amekosea kutamka. Anverali akamwambia hakukosea hata herufi moja, na huo ulikuwa ukweli.

Farheen akageuza karatasi, akauliza kama aendelee.

"Endelea," alisema. "Ukurasa unaofuata Hotchkin anachaguliwa tena kuwa seneta."