Nyeusi Hutoka Kwanza

Jana alasiri usingizi ulimpitia Eusebia Ngonyani akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya banda la mashine la misheni, na humo humo akaota.

Asubuhi yake alikuwa amebishana na shemeji yake, Teofili. Haukuwa ubishi wa kelele. Jumamosi watu wangekuja kusimika msalaba kwenye kaburi la Gaudensi, mumewe, aliyefariki mvua zilipoanza, na makaburi yote yalikuwa yamemezwa na nyasi. Miaka nenda rudi nyasi hizo alizikata Gaudensi mwenyewe, kwa mashine ya misheni, ile ya kukalia kama trekta dogo. Alimfundisha na mkewe kuiendesha. Tangu azikwe, hakuna aliyeiwasha.

"Shemeji, betri imekufa," Teofili alisema. "Acha niite vijana wafyeke."

"Haijafa. Imelala."

"Imelala tangu masika?"

"Kaka yako hatafyekewa kama shamba la mtu. Zitakatwa na mashine yake."

Teofili akaenda naye bandani. Akaifungua betri, akaibeba hadi mezani, akabana vibanio vya chaja, chekundu na cheusi, kisha akaiwasha. Taa nyekundu ilipowaka akaenda zake. Eusebia akabaki kuilinda.

Katika ndoto, betri inakohoa.

"Dirisha," inasema.

Eusebia analifungua.

"Na la pili. Nikichajiwa napumua, na pumzi yangu ikikutana na moto tutaondoka sote, mimi, wewe na hili banda la mapadre."

Banda lile lina dirisha moja tu, lakini Eusebia analifungua la pili. Nje yake hakuna uwanja. Kuna wodi ya hospitali, ndefu, safi, na kwenye kila kitanda imelazwa betri iliyofunikwa blanketi hadi mabegani. Anaruka dirisha na kuingia. Haoni ajabu, ila anajilaumu kwamba hakuvaa viatu.

Nesi ni chaja. Ana kofia nyeupe, na taa nyekundu inawaka kifuani pake.

"Namtafuta Gaudensi Haule," Eusebia anamwambia.

"Hapa tunalaza walioegeshwa. Wewe ni nani wake?"

"Mkewe. Na betri ile pale ni yetu. Niliiegesha kwa sababu ya msiba."

"Kila mtu ana sababu, mama. Lakini betri ikikaa bure inapungua, hata kama haifanyi kazi. Kila mwezi ilipaswa kuonjeshwa umeme kidogo."

"Sikuweza kuingia bandani. Koti lake lilikuwa bado limetundikwa."

Nesi anavuta kitanda kitupu kutoka pembeni. "Basi hata wewe umepungua," anasema. "Panda kitandani."

Eusebia anapanda. Nesi anamfungua vifuniko vya mabegani, kimoja kimoja, anammulika ndani kwa tochi, na kutikisa kichwa kama mtu aliyekuta mtungi mtupu. Anamtilia maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi, hadi yanafunika mifupa.

"Ongeza," Eusebia anaomba.

"Nikikujaza utafurika ukipata moto. Baada ya chaji nitakuongezea."

"Basi nichaji haraka. Jumamosi tunasimika msalaba."

"Haraka inaunguza," nesi anasema, akimbana kibanio chekundu kwenye mkono wa kulia. "Wewe utapokea kidogo kidogo, mpaka utosheke. Usiulizeulize."

Umeme unaingia kama uji wa moto tumboni mwa mtu aliyeshinda njaa. Kitanda kinaanza kutembea. Kinapita katikati ya wodi, na sakafu inaota nyasi, kwanza za kifundo cha mguu, kisha za kiuno. Kinaposimama wako makaburini.

Kutoka upande wa pili mashine inakuja. Inakata mstari mmoja, inageuka, inakata mwingine kando yake, bila kuacha hata unywele katikati. Eusebia anaujua mkono huo. Anaketi kitandani.

Gaudensi anazima mashine, anachomoa ufunguo kwanza, ndipo anashuka. Mikono yake imejaa vipande vya nyasi mbichi hadi kwenye viwiko. Eusebia anamnyooshea mkono.

"Subiri, Mama Nestori. Usinishike."

"Kwa nini?"

"Umevaa pete. Mimi niko upande wa hasi, nyeusi, wewe uko upande wa chanya, nyekundu. Chuma kikigusa pande zote mbili, cheche zinaruka."

Hata alipokuwa hai alikuwa hivyo hivyo. Ugali ungepoa mezani huku yeye akieleza habari za spana.

Eusebia anaivuta pete. Haitoki. Kidole kilivimba siku za matanga, na hata sabuni ilishindwa. Gaudensi anamsukumia kopo la grisi, ile anayopaka vichwa vya betri visishike kutu. Eusebia anapaka, anazungusha, na pete inatoka.

Wanashikana mikono. Hakuna cheche. Wanakaa hivyo, na Eusebia anatamani ndoto isiwe na kazi nyingine.

"Mbona ulitangulia, Baba Nestori?"

"Nyeusi hutoka kwanza. Ndiyo kanuni ya kufungua betri."

"Na kurudi?"

"Kurudi, nyekundu hufungwa kwanza. Nyeusi hufungwa mwisho."

"Mwisho ndiyo lini?"

Gaudensi anazitazama nyasi ambazo hazijakatwa, kama alivyokuwa akitazama wingu kukadiria mvua.

"Sikuambiwa," anasema. "Ila wewe umeshafungwa. Kaza nati tu, usicheze."

"Naweza kukungoja hapa hapa kitandani."

"Kitanda ni cha nesi, mke wangu. Kuna wagonjwa wengine."

Anaichukua pete na kumrudishia kidoleni mwenyewe, polepole, kwa mikono ile ile iliyojaa nyasi. Kisha anapanda mashine na kuelekea kusikokatwa. Eusebia anafungua kinywa amwite, lakini nesi amesimama kando yake, na taa ya kifuani imegeuka kijani.

Alipofumbua macho, taa ya chaja juu ya meza ilikuwa ya kijani. Teofili alikuwa mlangoni.

"Vipi, shemeji, imepokea?"

"Imepokea."

"Nikusaidie kuifunga?"

"Niache kidogo. Nitakuita."

Akazima chaja ukutani. Kabla ya kugusa vibanio akashika pete yake, akavuta, akitarajia kuhangaika nayo. Ikateleza na kutoka mara moja.

Juu ya alama nyeupe iliyoachwa na pete kulikuwa na kipande cha jani la nyasi, kibichi, kimekatwa sawasawa ncha zote mbili, bado kina unyevu. Eusebia akatazama nje. Makaburini nyasi zilikuwa zimesimama vile vile, ndefu, hazijaguswa na mtu.

Akakinusa. Kisha akanyoosha mkono, akatoa kibanio cheusi.