Gonga Mara Mbili

Kwa jinsi Lyle Haugen anavyosimulia, jirani yake Verna aliondoka asubuhi ile kama bibi harusi anayetoroka, shela inapepea nyuma. Turubai la kivuli la gari-nyumba lake, lile gari kubwa la kuishi ndani, lilikuwa wazi lote. Ngazi ya mlangoni ilikuwa chini. Mkeka ulikuwa umenasa kwenye ngazi, na juu ya mkeka, Lyle anaapa, kiti kimoja kilikuwa kimesimama wima kama abiria aliyelipa nauli. Gari likapita katikati ya mawe meupe ya mpaka wa kiwanja chake, likashika njia, turubai likakumbatia mti wa miiba, na mti ukakataa kuachia. Krraaa! Kitambaa kikachanika toka mwanzo hadi mwisho.

"Na yeye," Lyle humalizia, kikombe juu, "ananipungia mkono! Ananipungia, jamani, kama malkia!"

Watu hucheka mpaka viti vinalia. Kila jioni, jua likisogelea vilima, wenye magari-nyumba wa upande ule wa jangwa hubeba kila mtu kiti chake na kinywaji chake, wakakaa kuzunguka pipa la moto. Ni wastaafu watupu, waliozikimbia theluji za kaskazini, Dakota na Saskatchewan, wakaja kuota jua nje ya mji wa Quartzsite mpaka barafu ya kwao iyeyuke. Redio zao hazishiki vizuri, kwa hiyo stori ikipatikana haitupwi. Inakuzwa. Siku ya kwanza turubai lilinasa kichakani. Siku ya pili kichaka kikawa mti. Siku ya tatu mtini palikuwa pameanikwa nguo za ndani za Deloris, mke wa Lyle, nazo zikaenda na gari.

"Nguo zangu niachie," Deloris alisema. "Tena wiki hiyo nilikuwa sijafua."

Verna alicheka na wenzake. Angefanya nini? Lyle anajua kusimulia, na mengi aliyosema yalikuwa kweli. Mkono hakuupunga, alikuwa anakinga jua, lakini hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa jambo ambalo Lyle hakulitaja kabisa, na Verna hakuwa na mpango wa kulitaja.

Kabla ya kuliondoa gari, alisikia mkono ukigonga ubavuni. Ko, ko.

Mtu akija kukutembelea hubisha hodi mlangoni. Ubavuni ni lugha nyingine. Mwenye gari-nyumba haondoki hivihivi kama mwenye gari la kwenda sokoni. Mmoja hukaa kwenye usukani, mwenzake hubaki nje akalizunguka gari lote: ngazi imekunjwa? Turubai limevingirishwa? Mpira wa maji umechomolewa? Antena imelala? Akiridhika, hugonga bati la ubavuni mara mbili, na aliye kwenye usukani huachia breki bila neno. Miaka yote ya kuja jangwani, Verna ndiye aliyeendesha, maana macho ya Merle mumewe yalikuwa mabovu kwa mbali ingawa kwa karibu hakuna kilichompita. Merle alizunguka, Merle akagonga.

Merle alikufa majira ya joto yaliyopita, bustanini, katikati ya vitunguu. Mwanawe, Garth, alidhani gari litauzwa. Mama yake akangoja theluji ya kwanza, akapakia kahawa, blanketi na sola mpya, akashika barabara peke yake. Alijizoesha kuzunguka gari mwenyewe. Akimaliza aligonga kwa mkono wake mwenyewe, mara mbili, ndipo akapanda. Hakumwambia mtu kwamba anagonga. Lakini hakuweza kuondoka bila kugonga.

Asubuhi ile ya turubai alikuwa anapeleka gari kumwaga tangi la maji machafu. Kulikuwa na baridi ya kung'ata, akawasha injini ipate joto kwanza huku akitafuta koti lake. Alikuwa bado hajashuka kuzunguka. Ndipo zikaja zile ko, ko, palepale Merle alipozoea kugonga. Mkono wake ukaachia breki. Haukumuuliza.

Sasa jambo kama hilo unamwambia nani? Mjane wa miaka sabini na kitu aliyesahau turubai ni mtu wa kuchekwa. Mjane aliyesikia marehemu anagonga ni mtu wa kunyang'anywa ufunguo.

Na ufunguo ulikuwa tayari hatarini. Deloris, kwa utani tu, alikuwa ametuma picha ya turubai lililochanika kwa mke wa Garth. Jioni yake simu ikalia.

"Mama, nakuja Jumamosi."

"Karibu. Nitapika maharage na nyama ya kusaga."

"Sitaki maharage, Mama. Nakuja tulirudishe gari nyumbani. Kuna mtu kule Fargo anataka kulinunua."

"Januari hii? Ulirudishe kwenye barafu?"

"Nitaendesha mimi. Wewe utakaa na sisi. Kile chumba cha nyuma kina jua."

"Kina dirisha," Verna alisema. "Jua liko huku."

Si mtoto mbaya, Garth. "Mama, safari hii umechana kitambaa. Safari ijayo je? Kama kuna mtu amesimama nyuma?"

Swali hilo Verna alikuwa ameshajiuliza mwenyewe.

Kesho yake alikwenda pale njiani kuokota vitu vilivyoburutwa na gari: vigingi, kipande cha mkeka, mguu wa meza ndogo aliyokuwa akiiweka nje chini ya kivuli. Kwale walikuwa wanakimbizana vichakani na upepo haujaanza. Verna huokota polepole. Ndivyo alivyo, hata mawe mazuri huyapata yeye kuliko wanaotembea na mashine za kutafutia dhahabu. Chini ya kile kipande cha mkeka akakuta trei yake ya bluu ya kuokea, imebonyea pembeni.

Akasimama nayo mkononi.

Trei hiyo haikuwa kwake. Alikuwa amemwazima Deloris aokee mkate wa mahindi, tangu Jumapili. Kama ilikuwa kwa Deloris, imefikaje chini ya mkeka wake?

Hakukimbilia kwa mtu. Aliiosha trei, akaifuta, akaiweka dirishani, akanywa kahawa akiitazama. Halafu akamtazama Lyle siku nzima, kama mtu anayengoja ndege ashuke kwenye maji. Lyle akirudisha nyundo kwa mzee Mkanada wa upande wa pili, aliiacha juu ya boneti, akagonga bati la gari mara mbili kwa vidole, akaenda zake. Akirudisha mtungi wa gesi, vilevile. Hasubiri mtu afungue. Anaweka, ko, ko, anaondoka na mbwa wake nyuma.

Jioni, kabla watu hawajabeba viti kwenda motoni, Verna alikwenda kwa akina Haugen na ile trei. Deloris alikuwa akimenya viazi nje, Lyle anafunga kamba za viatu.

"Shoga, trei yako imeliwa na nini?" Deloris akashangaa.

"Nimeikuta chini ya mkeka wangu. Lyle, uliirudisha lini?"

"Hiyo? Asubuhi ile ile ya sinema yako. Niliiweka pale mezani kwako, nikaondoka, sijafika hata kwangu nageuka hivi, naona meza inanipita!" Akaanza kucheka, akajiandaa kuisimulia upya.

"Uligonga?"

"Niligonga, ndiyo. Nisingeacha chombo cha mtu kimyakimya kama..."

Hakumaliza. Lyle naye ni mwenye gari-nyumba. Anaendesha, na Deloris huzunguka. Mkono wake ukabaki na kamba ya kiatu, na uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu aliyemeza kitu cha moto mbele ya wageni.

"Lyle Haugen," Deloris alisema. Kisu chake kilikuwa kimesimama kwenye kiazi. "Injini ilikuwa inanguruma?"

"Ilikuwa... ilikuwa inanguruma kidogo."

"Inanguruma kidogo! Ukaenda kugonga ubavu wa gari linalonguruma? Mara ngapi?"

Lyle akatazama kiatu chake.

"Mara ngapi, we mwanaume?"

"Mbili, mama. Mbili. Ndivyo ninavyogonga."

"Na mimi nimetuma picha kwa watu!" Deloris akaweka kisu chini. "Miaka yote hii nakwambia, gonga mlangoni kama binadamu."

Verna alisema hakuja kuleta ugomvi, alitaka kujua tu. Na kweli, alipojua, alipata nafuu akaomba kiti. Mkono ulikuwa wa mtu mwenye nyama. Masikio yake yalikuwa mazima.

Lakini nafuu hiyo haikufika mbali. Usiku, akiwa amelala anasikiliza gari likitoa milio midogo ya kupoa, aliligeuza lile jambo upande wa pili. Sawa, Lyle aligonga. Lakini Lyle hakumwambia kwamba Merle yuko nje. Hilo aliliamini yeye mwenyewe.

Ijumaa Lyle alishinda juu ya ngazi akifunga turubai jipya alilokwenda kulinunua mwenyewe mjini, na alikataa hata kahawa mpaka alipomaliza. Motoni jioni watu walimdai ile stori. Akasema ameisahau.

"Umeisahau? Na zile nguo za ndani?"

"Hakukuwa na nguo za ndani," Lyle alisema, akichochea moto, na kila mtu akadhani anaumwa.

Garth alifika Jumamosi kwa gari la kukodi, uso umevimba kwa kukosa usingizi, amevaa viatu vya theluji. Kabla hajamkumbatia mama yake vizuri, Lyle alikuwa ameshavuka mawe meupe, kofia mkononi.

"Kijana, mwenye kosa ni mimi. Niligonga gari lake likiwa limewashwa. Mtu yeyote hapa angeondoka."

"Angeondoka kwa nini?" Garth akauliza.

Lyle akamweleza habari ya kuzunguka na kugonga. Garth alisikiliza kwa adabu, akamshukuru, akangoja aende. Kisha akakaa kwenye kiti cha baba yake bila kujua kwamba ni cha baba yake, akachukua bakuli la maharage, akala yote, akaongezewa.

"Mama," alisema, "nimemwelewa mzee Lyle. Amegonga. Lakini wewe ulikuwa peke yako humu. Ulidhani ni nani amegonga?"

Verna angeweza kusema alidhani ni Lyle. Angeweza kusema hakudhani kitu. Garth angeamini, alitaka sana kuamini. Mbwa wa Haugen alikuwa anabwekea mbweha huko mbali, na vilima vilikuwa vimegeuka rangi ya kutu.

"Baba yako," alisema.

Garth akaweka kijiko chini.

"Sikukaa nikafikiri kwamba ni yeye, mwanangu. Mkono ndio uliofikiri. Mkono huo umemsikia yeye miaka mingi kuliko ulivyonisikia mimi."

Garth aliinuka, akaosha bakuli lake, na la mama yake. Maji aliyamwaga mengi mno, mtu wa mjini, na taa nyekundu ya tangi la maji machafu ikawaka ukutani.

Asubuhi ilikuwa bado inawaka.

"Nitalipeleka mimi likamwage," Garth alisema, akinyoosha mkono kuomba ufunguo. "Halafu tukitoka huko tunaunganisha moja kwa moja nyumbani, Mama. Barabara kuu iko palepale."

Verna alimtazama yule mtoto wake mwenye mvi masikioni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti. Hakuutoa kumpa, wala hakuukunjia kiganja. Alikwenda mbele akakaa kwenye usukani, akafunga mkanda, akawasha. Injini ikakohoa, ikatulia.

"Mama."

"Tunakwenda kumwaga maji, Garth. Ya Fargo tutayasema tukirudi." Akashusha kioo cha upande wake. "Shuka. Lizunguke gari lote, usiruke kitu. Anza na ngazi, tena usiitazame tu, iguse. Kisha turubai, mpira wa maji, antena. Ukiona kuna kitu, njoo useme. Ukiona pako sawa, gonga ubavuni mara mbili, nami nitaondoka."

"Na nisipogonga?"

"Sitaondoka."

Garth alisimama kidogo mlangoni, akashuka. Verna akapandisha kioo, kwa sababu Merle hakupenda kioo kiwe wazi, alisema kinamdanganya mtu masikio. Akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, mbali na breki.

Alimsikia akikunja ngazi. Alisikia ile changarawe ikilia chini ya viatu vya theluji, hatua nzito, hazina haraka. Zikasimama chini ya turubai jipya, likavingirishwa. Zikaendelea. Zikazunguka nyuma, ambako mpira hufungwa, zikakaa huko muda mrefu kuliko Merle alivyokuwa akikaa, kisha zikarudi kwa ubavu ule wa kulia, taratibu, mpaka usawa wa pale ambapo rangi ya bati imefifia kwa kuguswa.

Zikasimama.

Kwa akina Haugen, Lyle na Deloris walikuwa wametoka na vikombe vyao, hawasemi. Injini ilinguruma polepole. Verna alitazama mbele, kwenye mawe meupe na njia, akasikiliza.