Kivuli Nyuma ya Mlango

Mshona kola aliosha kikombe chake, akafunga kamba za viatu, kisha akainua visigino, akabandua kivuli chake sakafuni na kukitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kiwanda cha mashati hakikuruhusu watoto. Mama yake, aliyefua mashuka ya hospitali hadi miguu ikamkataa, hakuweza kumkimbiza mjukuu wa miaka mitatu. Kivuli kikashuka msumarini, kikaweka maziwa jikoni.

Kiwandani wanawake wengi walikuja hivyohivyo. Msimamizi alifurahi. Asiye na kivuli, alisema, haangushi giza kwenye mshono.

Jioni mshona kola alirudi na mgongo unaomuuma, akakuta mtoto amesukwa nywele, amelala kwenye paja la kivuli.

"Njoo kwa mama," alisema.

"Wewe si mama," mtoto alijibu bila kufumbua macho. "Mama hana haraka."

Usiku huo alikivaa kivuli kwa kukivuta kwa nguvu, kama soksi iliyobana.

"Wenzio huwaonea wivu wake wenza," mama yake alisema kutoka kitandani. "Wewe unakionea wivu kisigino chako."

"Kimemfundisha nyimbo nisizozijua, mama."

"Hata changu kilikufundisha wewe. Uliposhikwa na homa ulikiita chenyewe, nami nimesimama palepale na beseni."

Bibi hakuwa na kivuli. Alipokalishwa juani, ukuta nyuma yake ulibaki mweupe. Chake, alipostaafu, hakikumtambua.

Mshona kola hakulala. Kulipokucha alikituma kivuli kazini, yeye akabaki. Alichemsha maziwa yakafurika. Alisuka nywele, mtoto akalia kwamba anavutwa. Kisha mtoto akaenda kusimama mlangoni, akiutazama msumari mtupu, na hapo hakubanduka hata kwa kubembelezwa.

Kabla ya adhuhuri msimamizi alibisha hodi, kivuli amekikunja kwapani.

"Hiki hakina uzito wa kukanyaga cherehani," alisema. "Njoo wewe. Cha kulea si unacho?"

Mtoto alimpita mama yake mbio, akakikumbatia kivuli kwapani mwa mwanamume yule.

Asubuhi iliyofuata mshona kola aliosha kikombe, akainua visigino, akakitundika kivuli. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, kilichokolea jasho lake na mafuta ya cherehani, akakifunga kichwani pa kivuli, mafundo mawili.

"Cha nini hicho?" bibi aliuliza.

"Kivuli hakina harufu. Mtoto akinusa hiki, atanijua."

Honi ya kiwanda ikalia. Mshona kola akatoka juani, hakuna kilichomfuata. Bibi alikitazama kivuli kikimimina maziwa, kitambaa kimekikaa vizuri kuliko kilivyomkaa binti yake.

"Mimi changu nilikivisha gauni langu," alisema, ingawa binti alikuwa ameshafika njiani. "Ukalipenda gauni."