Kadi Tatu za Bibi Keji

Ninaandika haya kwa mama yeyote ambaye binti yake ameanza kusoma kadi. Sisemi umpige. Mimi wangu kwa kadi sikumpiga. Nasema kaa naye chini, mwambie akufundishe, na umwangalie mikono. Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na kidogo tu mama yangu mzazi abaki gizani kwa sababu hiyo.

Binti yangu ni Kevina. Ana miaka kumi na tisa, anasuka nywele katika saluni moja hapa mjini Arua. Mteja mmoja aliyetoka Kampala alisahau pakiti ya kadi kwenye kiti na hakurudi tena. Si zile kadi wanaume wanazochezea kwenye baraza. Hizi ni kubwa, zina picha: jua lenye uso wa mtu, mwanamke anamwaga maji chini ya nyota, mnara umepigwa na radi. Zinaitwa taroti. Kevina akajifunza kwa video za simu, na maana zake akaziandika kwenye daftari. Ukurasa wa kushoto ni maana ya kadi ikitoka imesimama. Ukurasa wa kulia ni maana yake ikitoka kichwa chini.

"Kusimama ni rahisi, mama," aliniambia. "Kazi iko kwa kichwa chini. Hapo neno inageuka. Kitu inazuiliwa, ama inakataa."

Mimi ni mtu wa wasiwasi, nakubali. Mtoto akikohoa mara mbili nimeshavaa viatu vya hospitali. Lakini kwa kadi nilijidanganya. Niliona wasichana wanacheka, nikasema moyoni, heri kadi kuliko vijana wa boda.

Halafu majirani wakaanza kuja. Hajati Sadiya, nyumba ya pili, alikuja akifunika mdomo kwa shela: "Hii ni haramu kabisa. Weka moja tu." Alitaka kujua kuhusu safari ya Bombo, harusi ya binti wa dada yake. Kadi ikatoka kichwa chini, akafungua begi lake akarudisha nguo kabatini. Mwalimu Ezati, mzee wa watu aliyestaafu, naye akapata kichwa chini. Patience, mwenzake Kevina wa saluni, akapata nzuri tupu. Niliyasikia yote hayo nikiwa jikoni, na sikuyaunganisha.

Sasa mama yangu. Anaitwa Keji, anakaa Midia kule Koboko, kwa kaka yangu Isa. Ana mtoto wa jicho kwa macho yote mawili. La kulia lilishazimika, la kushoto linaona vivuli tu. Mwezi huo madaktari wa macho walikuwa wanakuja Koboko siku tatu, Jumanne mpaka Alhamisi, kupasua bila malipo. Isa alimwandikisha mama, akapewa Jumanne. Waliokuwa wanaandika majina walisema wazi: nafasi hii ikipita, hatujui tutarudi lini.

Jumamosi kabla ya hapo nilimtuma Kevina Midia apeleke sukari na sabuni na kumsalimia bibi yake. Sikujua kwamba alibeba na kadi.

Jumanne saa sita simu ikalia. Ni Isa.

"Natalina, mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kila kitu. Gari iko hapa, mimi nimevaa shati ya kanisa, yeye amekaa kwa mkeka kama jiwe ya kusaga. Anasema Kevina alimwekea kadi tatu, zote zikatoka kichwa chini."

"Mpe simu."

Mama akaja kwenye simu. "Usinipigie kelele ya Arua," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ule mutoto aliona kitu."

"Mama, zile ni karatasi tu!"

"Karatasi ndiyo ilikuoza kwa mume wako Anguzu. Leo karatasi imekuwa si kitu?"

Akamrudishia Isa simu. Gari ikaondoka Midia bila yeye.

Nilikwenda saluni na kanga ya jikoni kiunoni. Kevina alikuwa ameshika kichwa cha mteja.

"Maliza hicho kichwa," nikamwambia. "Nakungoja."

"Mama, iko nini?"

"Maliza."

Nyumbani akalia. Alisema zilikuwa Jua, Nyota na Gari la Farasi, na zote zilimwangalia kichwa chini. "Ningefanya nini mama, nidanganye?"

Nilitaka kuzitupa zile kadi motoni. Mkono ulishafika. Lakini nikawaza: nikizichoma, mama ataambiwa nimechoma ukweli, na hapo hatatoka Midia kamwe. Ilibaki siku mbili. Njia ya kumtoa ilikuwa ndani ya zile kadi, na mimi sikuijua. Basi nikakaa kwenye mkeka.

"Nifundishe," nikasema.

"Mama, iko Kiingereza."

"Niliacha shule darasa la sita. Akili sikuiacha huko. Nifundishe hizo za kichwa chini."

Tulisoma mpaka jua likaingia, na Jumatano akaomba ruhusa kazini tukaendelea asubuhi. Mwanamke mzima, nafuata maneno kwa kidole kama mtoto. Nilijifunza kwamba mnara ukisimama ni maanguko, lakini ukiwa kichwa chini unaweza kuwa maanguko uliyoyakwepa. Nilijifunza kwamba jua la kichwa chini si kifo. Wengine wanasema ni mwanga uliochelewa, wengine wanasema ni furaha iliyo ndani, bado haijatoka.

"Sasa wewe ulimwambia bibi ipi?" nikauliza.

Kevina akaangalia daftari. "Sikumwambia kitu. Nilinyamaza."

Sikulijali neno hilo wakati huo. Nilikuwa nawinda kitu kingine. Nikamwambia, niwekee mimi. Akaweka tatu: zote kichwa chini. Nikasema changanya tena, weka tano. Nne kichwa chini. Sitaficha. Nilianza kuwaza labda kweli kuna kitu juu ya ukoo wetu.

Patience akapita kumletea Kevina kitana chake. Nikamvuta mkono. "Kaa hapa. Kevina, mwekee huyu."

Tatu, zote zimesimama.

Patience akacheka. "Mama Kevina, labda Mungu anapenda wasichana."

"Nyamaza wewe. Kevina, mwekee tena."

Zimesimama tena. Nikawahesabu kichwani wote waliopata mbaya: Hajati, Mwalimu Ezati, mama yangu, mimi. Wote watu wazima. Waliopata nzuri wote ni rika la Kevina. Mungu gani huyo, anayeangalia mvi? Nikamwambia atuwekee mara nyingine, Patience kwanza, halafu mimi, ila safari hii macho yangu niliyatoa kwenye picha nikayaweka kwenye vidole vyake.

Hapo nikaona. Kwa Patience alikuwa anafunua kadi na kuitupa chini kama ilivyo. Kwangu alifunua, akaishika kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaigeuza ili picha inielekee mimi. Ndipo akaiweka. Na akiisha kuiweka, yeye aliyekaa upande wa pili akaisoma kutoka alipo, akaiona kichwa chini.

"Mbona unaigeuza?"

"Naigeuza?"

"Umeigeuza sasa hivi!"

Akaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. "Mama, wewe ni mtu mukubwa. Siwezi kukuwekea kitu imekupa mgongo."

Patience akaziba mdomo. Na ni mimi niliyemfundisha. Alipokuwa na miaka minane nilimpiga kofi la mkononi mbele ya wageni, kwa vile alimwekea baba mkwe wangu kikombe na kishikio kikiwa upande wa mbali. Nikamwambia kitu cha mkubwa kinamtazama mkubwa, maisha yako yote. Akashika. Alishika sana hata hajui kama anafanya. Wale wa kwenye video hawajalelewa kwetu Dadamu, nani angewaambia?

Nikamwambia aweke bila kugeuza. Zikasimama, moja, mbili, tatu. Pakiti ilikuwa mpya, karibu kadi zote zimelala upande mmoja. Jua la mama yangu lilikuwa limesimama. Nyota ilikuwa imesimama.

"Kabla ya chakula," nikamwambia Kevina, "nenda kwa Hajati umwambie."

Akaenda. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Hajati Sadiya alisikia yote mpaka mwisho, hakupiga kelele. Alisema tu, "Harusi ilikuwa Jumapili, mwanangu," akaendelea kuchambua mchele. Kevina alirudi amekauka midomo. Afadhali angetukanwa.

Alhamisi, siku ya mwisho, mimi na Kevina tulipanda gari la kwanza la Koboko, na saa mbili tulikuwa Midia. Mama alikuwa amekaa nje ya nyumba ya Isa, anachambua maharage kwa vidole. Sikungoja hata salamu ziishe.

"Mama, zile kadi zilikuwa zimesimama! Kevina alizigeuza kwa heshima yako, akazisoma vibaya. Jua, Nyota, zote nzuri!"

Mama akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Natalina, nani alikuambia mimi niliona kadi? Kwa macho gani?"

Nikainama kuokota maharage.

"Mimi nilisikia," akasema. "Huyu mutoto anaongea kama mvua kwa bati. Tangu afike anaongea, mara saluni, mara nani ameolewa. Akaweka kadi ya kwanza, sauti ikashuka. Ya pili, akameza mate. Ya tatu, akashika mukono yangu akanyamaza. Natalina, mutu akikushika mukono akanyamaza, hiyo mimi najua. Ndiyo namna walikuja kuniambia habari ya baba yenu."

Basi yale yote niliyojifunza siku mbili, kusimama na kichwa chini, hayakuwa na kazi pale. Mama hakuwa amekatazwa na kadi. Alikuwa amekatazwa na woga wa mjukuu wake. Nikamgeukia Kevina. Akapiga magoti kwenye mchanga.

"Bibi, nilisoma vibaya. Niliogopa daftari yangu mwenyewe. Juu ya macho yako mimi sijui kitu hata moja. Daktari ndiye anajua."

"Sasa hivi unaogopa?"

Niliomba kimoyomoyo adanganye. Hakudanganya. "Kidogo, bibi. Wanaingiza kisu kwa jicho. Nani haogopi?"

"Na unaongea."

"Naongea."

Mama akajipangusa mikono. "Basi utaongea mpaka mlango ya daktari. Ukinyamaza, narudi kwa maharage yangu. Isa! Lete viatu."

Tulifika hospitali ya Koboko saa nne. Kwenye karatasi ya sista jina la mama lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu.

"Huyu alikuwa Jumanne," sista akasema. "Leo tumejaza."

"Najua, sista. Kosa ni letu."

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Nataka nikae hapa mlangoni. Mtu mmoja asipokuja, unaangalia chini unamwona mama yangu."

"Unaziba njia."

"Nitajikunja."

Nilijikunja. Wagonjwa waliniruka. Jua likafika kichwani, likapita, na Kevina anaongea. Alimweleza bibi yake kila kichwa alichosuka tangu Krismasi. Maneno ya kweli yakiisha anaanza ya uongo, mama anajua ni uongo, anasema endelea. Sauti ikamkauka, nikampa maji, akanywa mafunda mawili, na mama tayari anashika fimbo yake: "Nimesikia kimya."

"Nakunywa maji, bibi!"

Saa tisa wakamrudisha mzee mmoja wa Kuluba, presha yake ya damu ilikuwa imepanda, hawawezi kumpasua. Sista akatoka na karatasi, akaangalia chini. Nilikuwa pale pale.

"Jicho moja tu," akasema. "La kushoto. La pili muda umekwisha, na kurudi kwetu sijui."

Jumanne walikuwa wanapasua kwa utulivu, nani anajua kama yote mawili yasingewezekana. Hilo ndilo nawaambia mama wenzangu. Kadi haikumgusa mama yangu hata kidogo, lakini lile la kulia linangoja mpaka leo, na mimi kila wiki nauliza hospitali madaktari wanakuja lini. Nitauliza mpaka wanichoke.

Sista akamshika mama mkono. Kevina akazuiliwa mlangoni. Mama akasimama katikati ya mlango, hasogei mbele wala nyuma.

"Zungukia dirishani!" nikamwambia Kevina.

Akazunguka nyumba mbio. Dirisha lilikuwa juu, lina vioo vya kufungua kidogo. Akasimama kwenye tofali, akaanza kwa sauti iliyobaki, kama ya chura, habari ya Patience, jinsi wigi lake lilivyoanguka kanisani wakati wa sadaka, na mzee wa kanisa akaliokota akidhani ni paka.

Mama akaingia. Mlango ukafungwa. Nikasikia kitanda kinalia, vyuma vinagongana, halafu sauti yake kutoka ndani:

"Ongeza!"

Na daktari: "Mama, tafadhali, usicheke. Usitikise kichwa."

"Wewe fanya kazi yako," mama akamjibu. "Kevina! Halafu ule mzee akafanya nini?"