Tukio la Jikoni

Kokuberwa alizoea kuandika riwaya bila kujua inaelekea wapi. Kaka yake Rutaihwa, alipokuja Muleba kumtembelea kutoka Bukoba, alimwona anahangaika na sura zake, akamwekea kwenye kompyuta programu maalumu ya waandishi wa riwaya. Humo kila tukio lilikuwa na kisanduku cha kuandika lengo lake. Kokuberwa aliviacha vyote vitupu, kwa sababu malengo huyajua akishamaliza.

"Niachie nikupangie," kaka alisema.

Akamwachia, akaenda kuchuma kahawa. Aliporudi, tukio la mama anayejifungia jikoni akimkimbia mumewe halikuwapo.

"Nimelifuta," alisema Rutaihwa. "Halikuwa na lengo. Programu yenyewe inaonyesha."

Kokuberwa alipitia sura zote. Matukio mengine yenye visanduku vitupu yalikuwa palepale.

"Kaka, umefuta lile la baba tu."

Rutaihwa aliangalia migomba nje. "Watu watamtambua, Koku. Mzee ameshazikwa, mwache apumzike."

"Na mama je?"

Rutaihwa aliinuka. Alichukua mkoba wake akaenda stendi.

Kokuberwa aliiondoa programu ile, ambayo haikumfaa tangu mwanzo, lakini hakuwa na hasira nayo. Aliyemuumiza ni ndugu aliyejificha naye jikoni mle utotoni, wote wawili wamemshika mama mikono. Akafungua ukurasa mpya, akaanza kuliandika tukio upya. Safari hii alimweka humo pia mtoto wa kiume, analia.