Mtihani Chini ya Dirisha la Baba Mkwe

"Kitendawili," nilimwambia Joyline, mikono yangu ikiwa ndani ya beseni la maharagwe.

"Tega, mama."

"Miguu inakwenda mbele, moyo unarudi nyumbani."

Alifumba macho. "Reluctant! Anayefanya jambo bila kupenda. Mtoto alikunywa dawa bila kupenda." Akaurudia mfano huo kwa Kiingereza, mbio mbio, kama anayekimbia mvua.

Hivyo ndivyo tulivyosoma wiki tatu nzima. Joyline ni mke wa mwanangu Makori. Alisomea kuhudumia wazee, na kuna nyumba ya wazee ng'ambo iliyokuwa tayari kumwajiri, mradi afaulu mtihani wa Kiingereza kigumu. Mtihani unafanywa kwa simu ya video. Mtahini anataja neno, wewe unaeleza maana, halafu unatunga sentensi yako mwenyewe. Ukishindwa, nafasi anapewa mwingine. Mimi niliishia darasa la saba, lakini maana ya neno ni nini kama si kitendawili kilichogeuzwa? Nikamtegea, akategua.

Neno moja tu lilimtesa. Kulijua alilijua. "Lango halina komeo, maji yanapita bila hodi," nilimtegea siku hiyo, tukacheka hadi machozi. Incontinence, akasema, yaani mtu kushindwa kuzuia haja. Lakini alinong'ona, akiitupia jicho nyumba kubwa.

"Baba atasikia."

"Huko uendako hakuna baba mkwe."

"Kwani mama, nimeshafika huko?"

Baba mkwe wake ni mume wangu, Nyabuto. Kwetu Wagusii kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya. Mke wa mwana hataji mambo ya mwili baba mkwe akisikia; hata choo hukitaja kwa kuzunguka. Na mzee wangu alikuwa karani wa kiwanda cha chai miaka ishirini na miwili, Kiingereza hakimpiti. Tangu avunjike nyonga, huu mwezi wa pili, analala kando ya dirisha.

Tulipanga Joyline afanyie mtihani mjini Keroka, dukani kwa binamu yake. Alhamisi hiyo saa tisa mvua ikamwagika kama iliyotumwa. Ratemo wa pikipiki akapiga simu: "Mama, daraja limefunikwa. Sifiki."

Mtihani ulikuwa saa kumi. Na boma letu lina mahali pamoja tu panaposhika mtandao: chini ya dirisha la mzee.

Joyline akaweka stuli pale. Nikamshikia mwavuli, nimejibana ukutani, maana mtu wa pili akionekana mtihani unafutwa. Neno la kwanza akalieleza. La pili, la tatu, vizuri kabisa. La nne, nikalitambua kwa mlio wake kabla mtahini hajalimaliza. Lilikuwa lilelile.

Joyline akatupia jicho dirishani.

Mtahini akalirudia. Kidole gumba cha Joyline kilikuwa kinasugua gauni, kinasugua tu. Juu yetu kitanda kikalia, tukajua mzee yu macho. Ningeweza kuzunguka nikafunge dirisha, lakini simu ingelowa. Ningeweza kumnong'oneza lango na komeo, lakini ningemharibia. Nikabaki na mwavuli wangu, nikiusogeza zaidi juu ya simu, maji yakanimwagikia begani.

Ndipo mzee akaanza kuimba.

Wimbo wa Sabato, kwa sauti kavu, kwa nguvu, kama anayetaka Wasabato wa kilima cha pili waitikie. Huyu naye! Leo, saa hii! Mtahini akauliza kitu kwa ukali. Joyline akainua macho dirishani, akajibu, nami nikashika neno "father" tu. Mzee akapandisha sauti zaidi. Nikaona mabega ya Joyline yakishuka taratibu. Mtu anayeimba hivyo ameziba masikio yake mwenyewe.

Akalitamka neno lile kwa sauti kamili. Akaeleza maana. Akatunga sentensi ndefu, bila kukwama. Mzee aliimba ubeti kwa ubeti mpaka simu ikakatwa, kisha tukamsikia akikohoa.

Jumatatu ujumbe ukaja: amefaulu. Nilipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Baadaye, jikoni, nikamwomba anitafsirie ile sentensi ndefu.

Akainamisha kichwa. "Nilisema, mzee akishindwa kujizuia, mbadilishie nguo mlango ukiwa umefungwa, huku ukimsimulia habari za ng'ombe, asione haya."

Ndivyo ninavyomfanyia mzee wangu kila asubuhi, na sikujua kama kuna anayejua.

Nikampelekea mzee uji. Nikamwambia mke wa Makori amefaulu, na anashukuru kwa wimbo.

"Mwambie sikusikia neno hata moja," akasema, akipokea kikombe. Akanywa kidogo, akageukia ukutani. "Na wewe punguza ng'ombe. Kila siku ng'ombe, ng'ombe. Nisimulie hata ya kanisani."