Wapite Barabara

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini siku ile ya mwaka 1972, katika ofisi ya tawi la chama hapa Kilosa, zilikuwa na sababu. Bwana Barabara, yaani afisa wa barabara, kijana aitwaye Wenceslaus, alitandaza ramani mezani: njia ya kutoka stesheni hadi sokoni ipanuliwe, yote iwe ya magari.

"Na sisi tupite wapi, Ndugu?" nikamuuliza. "Magari ya mji huu hayazidi kumi!"

Alijua kinachoniwasha. Mwaka uliotangulia lori lilimsukumia mume wangu, Mwinshehe, mtaroni, yeye na baiskeli yake na mikungu ya ndizi aliyoitoa Kisanga. Mguu uliovunjika uliunga, lakini woga haukumtoka. Tangu hapo hakuvuka kizingiti peke yake. Na binti yetu Mwanasha alipita njia hiyo hiyo kila siku kwenda shule.

Wenceslaus akachoshwa na mdomo wangu. Akavuta daftari la mkutano, akaandika mwenyewe: "Waenda kwa miguu na wenye baiskeli wapite barabara." Alikusudia tupite vizuri, kwa uangalifu. Akatia sahihi, akapigilia vigingi vyake njiani, akapanda Landrova kwenda Morogoro. Kazi ni ya kujitegemea, alisema, majembe ni yenu.

Nilibaki na daftari. Nikaisoma sentensi ile mara tatu, kisha nikacheka peke yangu.

Jumamosi mtaa mzima ulitoka na majembe. Tulichimba kufuata vigingi, hatukupunguza hata shubiri. Halafu tukaigawa barabara kwa safu ya mkonge tulioung'oa kwenye shamba lililoachwa, miche ya kufika magotini, miiba yake tele. Huku magari, huku sisi. Upande mpana tuliuchukua sisi, maana ndio wengi.

Jumatano Landrova ikarudi.

"Shikamoo, Mama Mwanasha."

"Marahaba."

Adabu ikaishia hapo. "Nani kawaruhusu?"

Nikamfungulia daftari. Akasoma, akasoma tena, masikio yakamwiva.

"Mama, barabara hapa maana yake vizuri!"

"Na hii tunayoikanyaga inaitwaje?"

Watu wakaangua kicheko. "Ng'oeni!" akafoka. Nikamnyooshea jembe langu ang'oe yeye. Hakulipokea. Akaushika mche mmoja kwa mkono, mwiba ukamchoma, akauachia. Hakuna mwingine aliyesogea, na mimi niliapa moyoni kwamba nitalala pale pale kama itabidi.

Ndipo mlango wa nyumba yetu, iliyo kando ya njia, ukafunguka. Mwinshehe akatoka na fimbo yake. Nilitaka kumkimbilia nimshike mkono, nikajizuia. Akaingia upande wetu wa mkonge, hatua moja, nyingine, jasho likimtoka. Alipotufikia akasimama kupumua.

"Shikamoo, mzee," Wenceslaus akasema, sauti imeshuka. "Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sokoni." Akaisogeza fimbo mbele. "Napita barabara."